Mbuzi Atoke Kwenye Gunia: Namna ya Kununua Kadi ya Picha ya Mtumba Ukiwa Magamba

Mjomba wangu hanunui ng'ombe wa kusimuliwa. Akisikia kuna ng'ombe wa maziwa anauzwa ng'ambo ya bonde, anavaa koti lake refu, anachukua fimbo, anakwenda mwenyewe. Akifika anasalimiana na mwenye mali kwa kirefu, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, na muda wote huo macho yapo kazini. Kisha anamfungua ng'ombe mdomo aone meno. Anamgusa pua kwa mgongo wa mkono, aone kama ina unyevu. Anakamua chuchu zote nne, moja baada ya nyingine, kwenye kiganja, na kuyatazama maziwa kama yana mabonge. Mwisho anasema neno moja: "Mtembeze." Habari ya bei huanza baada ya hapo.

Mimi, mpwa wake, nilinunua kadi ya picha kwa kuangalia picha tatu za WhatsApp.

Nitaeleza yaliyonipata, ila kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kadi ya picha, ambayo wauzaji wengi huiita GPU, ni ule ubao wenye feni unaochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani. Kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Kwa barua na mahesabu ya duka, kompyuta ya ofisini inajichorea yenyewe bila shida. Iwekee gemu ya mpira, uwanja umejaa watazamaji, kila mchezaji ana kivuli chake, ndipo picha zinapoanza kukatakata: mshambuliaji ameshafika langoni na mpira bado uko katikati. Kadi ndiyo dawa yake. Kadi mpya inaweza kuwa na bei kubwa kuliko kompyuta nzima, kwa hiyo sisi wengine tunanunua mtumba, kama tunavyonunua makoti ya baridi ya Julai, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Ugumu wa Magamba ni umbali. Mtu wa Dar es Salaam akiuziwa kadi mbovu, kesho yake anapanda daladala, anarudi Kariakoo kugomba. Mimi nikitaka kugomba natoka hapa na bodaboda mpaka Lushoto mjini, nashuka kona za Soni mpaka Mombo, kilomita 33 hivi za kushikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, halafu Korogwe, Segera, Chalinze, na siku imekwisha. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula na pa kulala vinakula sehemu kubwa ya bei ya kadi yenyewe. Muuzaji anajua hivyo. Ukishamwambia uko Lushoto, ameshajua kwamba hutarudi. Ndiyo maana kwa sisi wa milimani ukaguzi wote hufanyika kabla pesa haijatoka mfukoni.

Anzia bandani. Huku kwetu ng'ombe wa maziwa hachungwi, miteremko hairuhusu. Anakaa bandani nawe unamkatia majani ya Guatemala kwenye kingo za matuta, unambebea kichwani. Anakula ulichobeba, hana njia nyingine. Kadi ya picha nayo ni hivyo hivyo: inakula umeme unaoletwa na pawa saplai, haina pengine pa kuchunga. Kijana anaota kadi ya wati 185 na banda lake lina lishe ya mbuzi mmoja.

Fungua kompyuta yako leo, kabla hujazungumza na muuzaji yeyote. Nyingi za mtumba zinazofika huku zilikuwa za ofisini, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Ni mashine imara, nazipenda sana, lakini zilizaliwa kwa kazi ya barua. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai. OptiPlex 7010 ya kasha kubwa la kusimama ina pawa saplai ya wati 275. Ile nyembamba ina wati 240. Tundu linalopokea kadi, PCI Express, lenyewe linatoa hadi wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo ina mdomo wake pembeni, wa pini 6 unaoongeza wati 75 au wa pini 8 unaoongeza wati 150, na mdomo huo lazima ulishwe na waya unaotoka kwenye pawa saplai. Utafute waya huo ndani ya kompyuta yako, uushike kwa mkono. Kama haupo, umeshapata jibu: kadi yako ni ya wati 75 au chini ya hapo, isiyo na mdomo.

Fundi mmoja atakwambia kuna kiunganishi cha kugeuza waya wa hadi diski uwe waya wa kadi. Kweli kipo, na bei yake haifiki ya soda mbili tatu. Kikatae. Plagi ya hadi diski ilitengenezwa kwa mzigo mdogo, na ukiitwisha kadi inapata moto mpaka plastiki yake inalainika. Nimeishika mkononi moja iliyoungua, imekuwa ya kahawia, pini mbili zimeshikana, na nyumba tunazolala zina dari za mbao. Kubadilisha pawa saplai nzima ni njia ya heshima zaidi, ila tazama kwanza plagi ya madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, maana baadhi ya mashine hizi za Dell na HP zina plagi ya peke yake isiyoingiliana na pawa saplai za kawaida za dukani.

Halafu azima rula ya mtoto wa shule. Pima kutoka ukuta wa nyuma wa kasha mpaka kizuizi cha kwanza utakachokikuta mbele, iwe ni kibanda cha hadi diski au waya. Andika sentimita hizo kwenye simu. Kama kasha lako ni jembamba, unahitaji kadi ya nusu kimo na lile bati lake fupi la nyuma. Bati hilo uliulizie mapema kwa jina lake. Wauzaji wengi hulipoteza, na kulitafuta peke yake ni kazi ya mwezi.

Sasa uzao. Kwa mashine za aina hii majina ya kukumbuka ni machache. Ipo GTX 750 Ti ya mwaka 2014, wati 60. Ipo GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, wati 75, kumbukumbu gigabaiti 4. Ipo GTX 1650 ya mwaka 2019, nayo ni wati 75 na gigabaiti 4. Zote tatu zina matoleo yasiyo na mdomo wa pini, lakini baadhi ya watengenezaji waliuongeza, kwa hivyo tazama kadi yenyewe, jina peke yake halitoshi. Mimi ningekuwa na pesa ya kadi moja ningeingoja 1650, hata ikibidi kusubiri msimu mwingine wa karoti. Ina kasi zaidi, ndiyo, lakini kuna jambo kubwa kuliko kasi. Mwaka 2025 NVIDIA, kampuni yenye chipu za kadi hizi tatu, ilitangaza kwamba draiva mpya za gemu, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, kwa ukoo wa 750 Ti na ukoo wa 1050 Ti zingekoma Oktoba mwaka huo huo, zibaki zile za usalama tu mpaka Oktoba 2028. 1650 ni ya ukoo uliofuata, na tangazo hilo halikuigusa. Ng'ombe ambaye daktari wa mifugo ameacha kuja kijijini kwake bado anakamuliwa, ila bei yake haiwezi kuwa ile ile, na hayo umwambie muuzaji wa 1050 Ti kwa utulivu wakati wa kupatana.

Ukikutana na RX 6400 ya mwaka 2022, kadi ndogo ya wati 53, utaipenda kwa umbo lake. Ni kadi nzuri kwenye madabodi ya kisasa. Kwenye madabodi ya zamani inabanwa, kwa sababu imejengwa na njia 4 tu za PCI Express, na njia za zamani ni za mwendo mdogo. Muulize mwenzako aliyeitumia kwenye mashine inayofanana na yako.

Ukishajua unachokitafuta, nenda sokoni, na sokoni utamkuta winga. Winga wa Kariakoo hana duka. Ana simu, ana miguu, ana ulimi, na anajua nani ana nini katika kila kichochoro. Wapo waaminifu. Mmoja alinizungusha saa mbili juani kunitafutia feni ya kompyuta ya dada yangu, akachukua ujira wake wa halali, na namba yake bado ninayo. Lakini lugha ya soko lazima uijue kabla hujaingia. "Bosi wangu, hii ni kama mpya," maana yake imefutwa vumbi. "Alikuwa anatumia mzungu," maana yake haijulikani alikuwa anatumia nani. "Imeshatestiwa," maana yake feni ilizunguka. "Waranti ipo," muulize ni ya siku ngapi, imeandikwa wapi, na ameiandika nani. "Kuna mtu yuko njiani anakuja kuichukua," maana yake hakuna mtu.

Usibishane. Sema hivi: "Kaka, mimi natoka Lushoto, sina uwezo wa kurudi kesho. Niwashie niione." Basi, nyamaza. Mwenye kadi nzima ataanza kutafuta waya wa umeme. Mwenye kadi mbovu ataanza kutafuta maneno.

Mimi sikusema hivyo. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka kutoka msitu wa Magamba mpaka kwenye vibaraza, na kwenye simu kulikuwa na tangazo: GTX 1050 Ti, safi, boksi lake lipo. Picha tatu. Nilituma shilingi 180,000 kwa simu, pesa ya viazi vya msimu mzima, na siku ya tatu mzigo ukafika stendi ya Lushoto. Boksi lilikuwa zuri, lina rangi ya kijani na nyeusi. Kadi ilikuwa na mdomo wa pini 6. Kompyuta yangu wakati ule ilikuwa ya kuungaunga, waya wa pini 6 ulikuwepo, nikauchomeka bila kujiuliza kwa nini kadi ya wati 75 inataka mdomo wa pili. Nyuma ilikuwa na matundu matatu: HDMI, DVI, na lile la buluu lenye vitundu 15, la VGA. Hilo la buluu lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu kioo changu kilikuwa cha zamani.

Jibu lilikuwa limekaa pale pale kwenye buluu. Chipu za ukoo wa 1050 Ti hazitoi picha ya analogia hata kidogo, NVIDIA iliiondoa kuanzia ukoo huo. Kwa hivyo ukiona kadi inayojiita 1050 Ti na nyuma ina tundu la buluu la VGA, funga boksi, mshukuru muuzaji, ondoka.

Kompyuta iliwaka. Windows ikaitambua kadi kwa jina la GTX 1050 Ti, nami nikamwita mdogo wangu aje aone. Nilipoweka draiva mpya kioo kikawa cheusi. Nikarudia mara tatu, mpaka usiku. Kesho yake rafiki akaniambia nipakue GPU-Z, programu ndogo ya bure ambayo tangu toleo lake la 2.12.0 la mwaka 2018 inawatambua hawa waliovaa ngozi ya wenzao. Ilifunguka, na mbele ya jina la kadi kulikuwa na herufi nne kubwa: FAKE. Bandia. Ndani yake mlikuwa na chipu ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010, yenye vitengo 192 vya kuchora mahali palipotakiwa kuwa na 768. Mtu alikuwa amefuta jina lililoandikwa kwenye chipu ya BIOS ya kadi akaandika jingine, na kompyuta husoma jina hilo kama lilivyo, haina desturi ya kushuku. Draiva za ukoo wa GTS 450 zilishakoma mwaka 2018, ndiyo maana kila nilipoweka draiva mpya kioo kilikufa.

Nilimpigia muuzaji. Mara ya kwanza alipokea, akasema atanirudia. Mara ya pili hakupatikana, wala ya tatu.

Nina hasira na jambo lile mpaka leo. Anayebadilisha jina la kadi anajua kabisa kwamba mnunuzi wake si tajiri, tajiri hanunui kadi ya gigabaiti 4. Anajua anamwibia mwanafunzi, au kijana aliyebeba magunia ya kabichi Lukozi. Ndiyo maana nawaambia vijana wa hapa: nendeni na flashi yenye GPU-Z ndani, muichomeke wenyewe, mbele ya muuzaji.

Kuna kadi nyingine inayoogopwa kuliko inavyostahili, ile iliyochimba sarafu za mtandaoni. Kwa miaka kadhaa watu duniani walipanga kadi sita au nane kwenye fremu moja na kuziendesha usiku na mchana kuchimba Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake, uchimbaji wa kadi ukafa siku hiyo hiyo, na kadi zikamwagika kwenye masoko ya mitumba. RX 470, 480, 570 na 580 nyingi unazoziona zimepitia huko. Chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilopandapanda inaweza kuwa nzima kabisa. Kinachochoka ni feni, na zile pedi laini zinazopeleka joto la chipu za kumbukumbu kwenye chuma cha kupoozea. Kwa hiyo umeme ukiwa umezimwa, zungusha kila feni kwa kidole kimoja, taratibu. Inatakiwa izunguke bila kukwaruza na isimame bila kutikisika. Ukiitikisa juu na chini isicheze kama jino la mtoto. Tazama kando ya bodi kama kuna mafuta yaliyovuja, yametoka kwenye pedi. Hayo yote yanatengenezeka, na gharama yake unaikata kwenye bei.

Ukiuziwa RX 580, hesabu pia vitengo vyake. Halisi ina 2304. Kuna toleo lenye 2048 lililotolewa kwa soko la China, ambalo kiuhalisia ni sawa na 570, nalo linauzwa huku kwa bei ya kaka yake. GPU-Z inaonyesha idadi hiyo.

Ninayoiogopa mimi ni kadi iliyookwa. Kadi ikifa kwa sababu chipu imeachia kwenye bodi, wapo wanaoipuliza kwa mashine ya hewa ya moto ya mafundi simu, au kuiweka kwenye oveni. Chipu inagusana tena na bodi, kadi inafufuka, inauzwa jioni ile ile. Itaishi siku nne, labda wiki mbili. Iinamie na tochi: bodi inayozunguka chipu imebadilika rangi, kuna utomvu wa kung'aa ulioganda pembeni, karatasi za namba zimejikunja au zimekuwa za njano. Skurubu nne zinazoshika chuma cha kupoozea nazo zina habari. Zikiwa zimekwaruzwa vichwa, kuna mtu aliingia. Muulize aliingia kufanya nini. Mtu aliyebadilisha pesti ya kupoozea atajibu mara moja, tena kwa kujisifu, na hiyo ni habari njema. Ukimya si habari njema.

Sasa mtembeze. Hapa usiwe na haraka, hata winga akianza kupiga miluzi. Kadi ichomekwe, kompyuta iwashwe, GPU-Z ifunguliwe, kisha FurMark, programu inayoipa kadi mzigo mzito kuliko gemu yoyote. Dakika 20. Simama hapo hapo. Tazama kioo: vidoa vya rangi, mistari, miraba inayometameta, chochote kati ya hivyo ni ugonjwa wa chipu au wa kumbukumbu, na fundi wa mtaani hana dawa yake. Nusa. Sikiliza feni. Soma joto. Likitulia kwenye nyuzi 70 na kitu, vizuri. Likiendelea kupanda bila kusimama, pesti imekauka au feni imechoka. Kisha izime, kanywe chai ya robo saa, urudi uiwashe tena ikiwa imepoa. Kadi iliyookwa mara nyingi hujisaliti kwenye kuwaka kwa pili.

Kuhusu joto kuna jambo la huku kwetu ambalo sijalisikia likisemwa na mtu wa tambarare. Joto la kadi linahesabiwa juu ya joto la chumba. Duka la Kariakoo lenye nyuzi 31 likionyesha kadi iko kwenye 78, kadi hiyo hiyo ikija Magamba asubuhi ya nyuzi 13 itasoma kwenye 60 hivi. Kwa mnunuzi wa hapa hiyo ni neema: kadi iliyofaulu mtihani wa joto la Dar itaishi raha kwetu. Lakini ukinunua kwa jirani, hapa hapa Magamba au Soni, geuza hesabu. Baridi yetu inamficha mgonjwa. Kadi yenye pesti iliyokauka kama udongo wa ukuta itaonyesha 68 mwezi wa saba na utaiona nzima. Funga kasha la kompyuta kabla ya kupima, ongeza muda ufike dakika 40, na kama ni Julai jumlishia nyuzi 15 kichwani kabla hujatabasamu.

Kama huwezi kwenda mwenyewe, tuma mshenga. Kila ukoo una mtu Dar. Si lazima awe mtaalamu, awe mtu asiyeona haya kusimama. Mimi namtumia binamu yangu anayeuza vitambaa. Hajui chipu ni nini, lakini ukimwambia "simama dakika 20, nioneshe kioo kwa video," atasimama dakika 20 na hakuna winga wa kumsogeza. Pesa aishike yeye. Ikitoka, itoke kwa mkono wake, kadi ikiwa mkononi mwake, na risiti ya EFD yenye jina la kadi na namba yake. Risiti hiyo ina kazi mbili: inakupa pa kushika ukidai haki yako, na inaonyesha kwamba hukununua mali ya wizi. Duka linalokataa kuitoa limekwambia jambo.

Safari ya kuja huku nayo inaua kadi. Usikubali kamwe isafirishwe ikiwa imechomekwa ndani ya kompyuta. Kadi ni nzito, inaning'inia, na kona za Soni zitaing'oa na tundu lake. Iingie kwenye mfuko wake wa rangi ya fedha, izungushiwe sponji, iingie kwenye boksi gumu, na boksi lipande juu kwa abiria, lisiende kwenye buti chini ya matenga ya kuku. Binamu yangu anapiga picha namba ya basi na kuandika simu ya kondakta. Boksi likifika usiku wa baridi, liache mpaka asubuhi, ulifungue mchana kwenye mwanga.

Hatimaye niliipata GTX 1650 yangu kwa njia hii. Binamu alisimama. Joto la dukani lilitulia kwenye 74. Hakuna doa. Iliwaka mara ya pili. Jumapili moja mchana niliichomeka kwenye OptiPlex ya kasha la kusimama, bila waya wa ziada, nikafunga bati la nyuma kwa skurubu moja, na mdogo wangu akaanzisha mechi. Mvua ilikuwa inapiga bati juu. Mjomba alikuwa amekuja kutuona, amekaa karibu na jiko la mkaa na koti lake halijavuliwa. Akasogeza kiti.

"Shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Alikaguliwa?"

"Alikaguliwa, mjomba. Dakika 20, akapumzishwa, akarudiwa."

"Anatoa lita ngapi?"

"Picha 60 kwa sekunde."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni, umeme ukiwepo."

Akainama, akaweka mgongo wa mkono nyuma ya kasha pale hewa inapotokea, akauacha hapo kwa muda huku akitazama ukutani, kama anavyofanya na pua ya ng'ombe.

"Anapumua vizuri," akasema, kisha akamwambia mdogo wangu apige kona haraka, muda unakwisha.